Mjomba anataka kitabu cha Marekani, mwanachuo anataka mitihani ya nyuma: mwanangu nimfundishe hesabu kwa kipi?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kazi yangu ni kufunga umeme wa jua majumbani na kwenye visima vya vijijini, kwa hiyo siku nyingi nashinda nyumbani mpaka nipigiwe simu. Mama watoto ni mtumishi wa serikali. Anatoka alfajiri kuwahi gari la Mtumba, anarudi jua limezama. Ndiyo maana mwalimu wa kijana wetu mkubwa, mwenye miaka 12, nimekuwa mimi.

Kijana ana seli mundu. Akiwa darasa la tano alikosa sehemu kubwa ya muhula kwa maumivu na kulazwa, na kila akirudi anakuta wenzake wameshavuka mada mbili tatu. Siku moja alichapwa kwa kukosa kazi za wiki ambayo alikuwa wodini. Sikutaka ugomvi. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, akanielewa, akasema tukae naye nyumbani hali itulie kwanza, tukiwa tayari tumrudishe. Hali imetulia kiasi chake, lakini yeye mwenyewe akisikia neno shule anakaa kimya, nasi hatujapata moyo wa kumlazimisha. Kiswahili, Kiingereza na sayansi anasoma na mama yake jioni na mwisho wa wiki. Hesabu ni zangu.

Tatizo langu ni hizo hesabu. Tumemaliza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya namba kubwa, hana shida. Sehemu zinamsumbua. Namba hasi hatujazigusa. Majuzi nikamwandikia swali lenye x, akaniuliza, "Baba, x ni ngapi?" Nikamwambia ndiyo tunayoitafuta. Akaniuliza tena, "Sasa kama hujui, umeiandika ya nini?" Nilipandisha sauti kidogo, akafunga daftari. Tangu hapo akiona herufi kwenye hesabu anasema kichwa kinamuuma, na kwa mtoto mwenye hali yake siwezi kujua kama ni kweli au ni kukwepa.

Kinachonishangaza ni kwamba nikienda naye kwa mteja ni mwepesi kuliko mimi. Niliwahi kumwambia, nyumba hii ina taa nne zinazofanana na redio ya wati 10, jumla wati 38, taa moja ni wati ngapi? Akajibu saba kabla sijatoa simu mfukoni.

Shemeji yangu yuko Texas na wanawe wanasomea nyumbani. Anasema kabla ya aljebra lazima mtoto apitie kozi maalumu ya maandalizi, mwaka mzima, akiiruka atateseka maisha yake yote. Yeye anapenda vitabu vya Saxon, yuko tayari kununua, mimi nigharimie usafirishaji. Alinitumia na jaribio la kupima mtoto aanzie kitabu kipi. Kijana alipata kama nusu. Mjomba wake akasema yuko nyuma, maana binti yake wa umri huohuo ameshaanza aljebra yenyewe.

Upande wa pili kuna kijana anasoma UDOM, amepanga jirani yetu, anafundisha tuisheni. Anasema niachane na mambo ya Marekani, nichukue vitabu vya Taasisi ya Elimu na mitihani ya nyuma ya darasa la saba, amsukume kwa miezi michache. Mama watoto naye amesikia ofisini habari za Khan Academy, masomo ya mtandaoni, kwamba ni bure. Mimi naogopa bando, na naogopa mtoto aliyekaa na simu.

Kila mmoja anaongea kama mwenye uhakika. Mimi nataka kujua kozi iliyo sahihi, nianze nayo, nisipoteze mwaka mwingine wa mtoto huyu ambaye miaka yake imeshapotezwa na ugonjwa. Naomba ushauri wako.

Baba wa Nkuhungu

*

Marahaba, baba wa Nkuhungu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari ya vitabu, mara ya pili nikamsoma kijana. Nikikuelewa vizuri, una mtoto anayeweza hesabu kichwani na anayezikimbia kwenye karatasi, una watu watatu wanaompenda kila mmoja na njia yake, na una hofu kwamba ukikosea kuchagua utamwongezea hasara juu ya ile aliyoletewa na ugonjwa. Hofu hiyo naielewa. Poleni kwa safari za hospitali, na pole yako wewe unayepanda juu ya mabati mchana na kushika chaki jioni.

Naomba tuanze na neno la mjomba, "lazima". Kozi anayoisema ipo kweli. Marekani watoto wengi huisoma wakiwa darasa la saba au la nane la kwao, halafu ndipo wanaingia aljebra kama somo linalojitegemea. Huko hisabati hukatwa vipande vyenye majina, mwaka wa aljebra, mwaka wa jiometri. Kwetu haikukatwa hivyo. Yaliyomo katika kozi hiyo, yaani namba hasi, sehemu na desimali, uwiano na asilimia, vipeo, mpangilio wa matendo, milinganyo myepesi, sisi tumeyatawanya kuanzia madarasa ya juu ya msingi hadi kidato cha kwanza. Kwa hiyo hakuna somo ambalo watoto wa Tanzania walilikosa na wewe unatakiwa kuliagiza. Kuna mada, na mwanao nyingine anazo, nyingine hana. Mjomba hakudanganya. Ameitazama rafu ya kwao.

Halafu lile jaribio. Kabla hujaamini kwamba kijana yuko nyuma, litoe tena ulitazame ukiwa na kalamu. Ni maswali mangapi yalikuwa ya inchi, futi na pauni? Mangapi yalikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza? Mtoto aliyezoea mita, kilo na shilingi akikosa swali la wakia ngapi ziko kwenye pauni, hajakosa hesabu. Toa hayo pembeni, yanayobaki ndiyo yanakwambia kitu. Na yule binti wa Texas, Mungu amjalie, hajawahi kulazwa wiki nzima kwa maumivu ya mifupa katikati ya mada ya sehemu. Hapo hapana mizani.

Mimi ningependa ujue mambo machache kabla ya kuchagua chochote, na huhitaji kitabu. Siku akiwa mzima na amecheka, mpe hizi kwa mdomo au kwenye kipande cha karatasi, bila kusema ni mtihani.

Mwandikie 8 + 4 = ☐ + 5, muulize ndani ya kiboksi kuna nini. Watoto wengi sana huandika 12, kwa sababu wamezoea kwamba alama ya sawasawa maana yake ni "weka jibu hapa". Akiandika 7, anajua kwamba pande mbili zinalingana, na huo ndio moyo wa aljebra yote. Akiandika 12, kozi yoyote utakayomnunulia itamchanganya mpaka hilo lirekebishwe, na hilo linarekebishwa kwa mazungumzo ya siku chache, si kwa mwaka mzima.

Muulize 10 − 3 + 2. Nina hakika amefundishwa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kama sisi sote. Ni msaada mzuri, ila una mtego: mtoto anayeamini kwamba kujumlisha hutangulia kutoa atafanya 3 na 2 kwanza, aseme jibu ni 5. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unakwenda kushoto kwenda kulia. Lijue hili mapema, maana ukileta kitabu cha Marekani atakuta kifupisho chao kinataja kuzidisha kabla ya kugawanya, kinyume na chetu, na mtego ni uleule upande wa pili. 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Anayekimbilia kuzidisha kwanza atapata 3. Mtoto asiyejua kwa nini atadhani mmoja kati ya baba na mjomba ni mwongo.

Nusu jumlisha theluthi je? Akisema sehemu mbili za tano, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hapo ndipo pa kukaa, hata mwezi mzima, kwa sababu kwenye aljebra sehemu hazimwachi mtu. Na namba hasi, anza na duka. Ana shilingi 300, amechukua kwa Mangi kitu cha 700, amebaki na ngapi? Vitabu vya nchi za baridi hupenda kufundisha hasi kwa kipimajoto na theluji, jambo ambalo mtoto wa Dodoma atalikariri tu. Deni analijua.

Sasa nirudi kwenye wati zako 38, kwa sababu hapo nilisimama muda mrefu. Umeandika kama kichekesho, lakini ulichomuuliza kijana ni mlinganyo. Taa nne na redio: 4t + 10 = 38. Alitoa kumi akabaki na 28, akagawa kwa nne. Hizo ndizo hatua zilezile ambazo mwalimu wa kidato cha kwanza ataziandika ubaoni. Aljebra ameifanya akiwa amesimama sebuleni kwa mteja, kisha nyumbani ukampa x isiyo taa wala redio, naye akauliza swali la haki kabisa. "Kama hujui, umeiandika ya nini?" Mimi ningempa peremende mtoto aliyeuliza hivyo. Jaribu siku moja mkiwa kazini umwombe aandike alivyofikiri, kwa maneno yake, herufi ije mwisho kwa sababu amechoka kuandika "wati za taa" kila mstari. Atakwambia mwenyewe imeandikwa ya nini.

Nakuja kwenye njia zenu. Zote zina kheri na zote zina gharama, na gharama si ya fedha peke yake.

Saxon wanajulikana kwa jambo moja: kila somo linaleta kitu kipya kidogo, halafu mazoezi yanachanganya ya leo na ya zamani. Kwa mtoto anayekatizwa na ugonjwa hilo linaweza kumfaa, maana alichokosa kitamrudia tena na tena. Ila somo moja huwa na maswali yanayokaribia 30. Siku ambayo mgongo unamuuma, maswali 30 ni adhabu, na huyu ameshaadhibiwa kwa kazi ambayo hakuweza kuifanya. Ukiamua hivyo, utahitaji ujasiri wa kumpa kumi na kufunga kitabu. Je, wewe na mjomba mnaweza kuvumilia kitabu kisichoisha kwa mwaka? Na Kiingereza chake kikoje? Kama anasoma taratibu, utakuwa unampima lugha ukidhani unampima hesabu.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu viko kwa Kiswahili, vina shilingi na mita, na taasisi yenyewe imeviweka kwenye maktaba mtandao yake, unavisoma bila kulipa. Angalia tu unachukua vya mtaala upi, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia madarasani 2024, darasa baada ya darasa, na vya zamani bado vinazunguka mitaani. Udhaifu wake kwa mtu kama wewe ni kwamba vimeandikwa vikitegemea mwalimu yupo. Maelezo mafupi, mazoezi, mada inayofuata. Hapo ndipo yule mwanachuo anaweza kuwa na faida. Lakini lile neno lake, "kumsukuma", limenikaa vibaya. Mitihani ya nyuma inafundisha kujibu mitihani. Kwa mtoto mwenye mapengo inaweza kumpa njia za mkato juu ya jambo asiloelewa, na ikamkumbusha kiti alichochapiwa. Inaweza pia kumpa moyo, akiona kumbe maswali ya darasa la saba anayaweza. Sijui ni lipi kati ya hayo kwa mwanao. Mngekaa naye mara moja, mwanachuo akiwepo, umtazame anavyosahihisha: anauliza "umefikaje hapa?" au anapiga mkasi tu?

Kuhusu Khan Academy, mama yake yuko sahihi, ni bure, na maandalizi ya aljebra yamo. Kuhusu bando, wewe ni fundi na hili litakufurahisha: kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri, inayobeba masomo hayo na mengine kwenye kompyuta hata kuukuu, na ukishapakua mara moja inafanya kazi bila intaneti. Betri unazo. Kinachobaki ni lugha, na ule upweke wa skrini unaouogopa. Video haioni uso wa mtoto ukikunjamana. Anaweza kubofya hadi apate nyota zote, na usijue kama ameelewa au amekisia.

Hakuna sheria inayokulazimisha kuchukua moja na kutupa nyingine. Kuna wazazi wanaoshika kitabu kimoja kama uti wa mgongo na vingine wanavichomolea mada. Wengine wakichanganya hivyo wanapotea, kila wiki kozi mpya, mtoto naye anajifunza kwamba baba hana uhakika. Wewe unajijua uko upande gani.

Kuna jambo hukuniuliza, nami nitalisema kwa upole. Kijana huyu anaelekea mlango upi? Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mtoto wa umri wa shule ya msingi awe ameandikishwa na ahudhurie, na sera ya elimu, toleo la 2023, imepanga elimu ya lazima iwe miaka 10. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi watahiniwa wake husajiliwa kupitia shule. Je, jina lake bado liko pale kwa mwalimu mkuu aliyekuelewa? Nenda ukaulize, ukiwa na cheti cha daktari mkononi, ukapite na kwa afisa elimu kata. Pengine kuna namna ya kuhudhuria siku anazoweza. Ukishajua kama atakaa mtihani huo, na lini, nusu ya mjadala wa vitabu itaisha yenyewe. Kama nia yenu ni sekondari ya kawaida, huko hisabati atazikuta kwa Kiingereza, na Kiswahili kikijenga maana leo, Kiingereza kitahitaji kuanza kuingia polepole, istilahi mojamoja. Mkiamua asirudi kabisa, ipo njia ya watahiniwa wa kujitegemea, ambapo asiyepitia kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa kabla ya ule wa kidato cha nne. Ni njia halali na watu wameipita. Ni ndefu, na mtoto anaipita bila wenzake.

Na yeye anasemaje? Katika barua yako yote umeninukulia maneno yake mara mbili tu, na mara zote alikuwa anauliza habari ya x. Mengine mmeyasoma kwenye ukimya wake. Huenda anaogopa shule, huenda anaogopa mtu mmoja tu pale shuleni, huenda ana aibu ya kukaa na wadogo. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja linaelekeza kwenye kozi tofauti. Muulize mkiwa njiani kwenda kazini, si mezani.

Kichwa kinachomuuma msikibishie. Mwenye seli mundu akisema anaumwa aaminiwe, anywe maji, apumzike, na ikizidi mwone wahudumu wa kliniki yake. Mkiona kinauma kila hesabu zinapotoka, badilisheni saa ya hesabu kwanza kabla ya kubadilisha kitabu. Asubuhi, kabla simu hazijaanza kukuita, huenda hata wewe ukawa na sauti ya chini zaidi.

Mjomba mshukuru sana, ana moyo. Mwombe kabla hajanunua chochote akupigie picha masomo mawili matatu ya kitabu hicho, moja la sehemu na moja la namba hasi, akutumie WhatsApp. Yafanyeni wewe na kijana siku mbili tofauti, moja akiwa na nguvu na moja akiwa amechoka. Kisha niandikie. Na kipupwe kinakuja na ule upepo wenu wa Dodoma, kwa hali yake msipange jambo lolote kubwa la kuanza Juni au Julai.